Daftari limejaa, hesabu iko wapi?

Ifikapo Novemba, msimu wa mahafali ya chekechea huanza. Kumbi hupambwa kwa maputo, watoto wa miaka mitano huvalishwa majoho na kofia za pembe nne, na wazazi huwahi viti vya mbele ili simu zao zipate picha nzuri. Kati ya keki na hotuba ya mgeni rasmi hakikosekani kipengele kimoja: watoto husimama mstari mmoja na kuhesabu kwa pamoja, moja hadi mia, kama kwaya iliyofanya mazoezi mwezi mzima. Ukumbi hulipuka kwa vigelegele. Shangazi hutunza noti. Mwalimu hufuta jasho.

Hakuna anayeinuka kumwambia mmoja wa watoto wale: "Hebu nihesabie vizibo kumi na vitatu kutoka kwenye kopo hili."

Ombi dogo kama hilo lingewagawa wahitimu. Wapo ambao wangetoa kizibo kimoja kimoja na kukoma penye kumi na tatu. Wapo pia ambao wangechota gao zima na kulikabidhi, au wangeendelea kuhesabu hadi kopo liishe, kwa kuwa wimbo wenyewe haujafika mwisho. Jukwaani makundi hayo mawili hayatofautiani hata kidogo. Kwenye madaftari nako hayatofautiani, kwa maana wote wamenakili namba zilezile na wote wamewekewa vyema vyekundu.

Hesabu ya miaka ya mwanzo, tangu awali hadi darasa la tatu, inapaswa kupita mikononi kabla ya kufika kwenye kalamu. Kinachoizuia isipite huko si ukosefu wa vifaa, kwani vifaa vyake vinaokotwa. Kinachoizuia ni wakubwa, yaani wazazi, walimu wakuu na wakaguzi, wanaotaka kila dakika ya mtoto darasani iache alama kwenye karatasi.

Risiti ya mzazi

Jioni mzazi hufungua begi la mwanawe na kutoa daftari. Akikuta kurasa tatu za 5 5 5 5 na chini yake "vizuri sana", moyo wake hutulia: mtoto amesoma. Siku ambayo darasa zima lilikuwa chini ya mwembe likipanga mbegu kwa makundi ya tano tano, daftari hurudi jeupe. Swali hufuata: "Kwani leo mwalimu hakuja?"

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakimwonya mfanyabiashara, lakini mzazi wa leo ameibeba kauli hiyo hadi chekechea. Kwake daftari ni risiti ya ada, na anayelipa hupenda risiti ndefu. Katika shule za mchepuo wa Kiingereza, ambako ada huhesabiwa kwa mamilioni, deni hilo la ushahidi huwa kubwa zaidi. Mtoto wa miaka minne hurudi na kazi ya kuandika namba 1 hadi 50, kisha azitamke kwa lugha asiyoisikia nyumbani. Mama amechoka, mtoto anasinzia, saa tatu ya usiku inapita, na kilichofanyika ni mazoezi ya mwandiko.

Mwalimu naye anajua anakaguliwa nini. Mwalimu mkuu akipita darasani hukusanya madaftari. Mthibiti ubora wa shule akija, andalio la somo na madaftari ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuwekwa mezani. Mbegu zimekwisha kurudishwa kwenye kopo na hazina la kusema. Mwalimu gani, mwenye akili timamu na mshahara wa kulinda, atatumia nusu saa katika jambo lisilomtetea?

Gharama ya mazoea haya huja baadaye, na hulipwa na kaya. Huanza na tuisheni ya darasa la nne, ikafuata ya darasa la saba, kisha kambi za mitihani. Katika matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2023 nchini Tanzania, waliofaulu Hisabati walikuwa takriban robo tu ya watahiniwa. Si haki kuitwisha chekechea mzigo huo wote, maana walimu wa hisabati ni wachache na lugha ya kufundishia hubadilika mtoto aingiapo sekondari. Hata hivyo, tathmini za Uwezo, ambazo zilianza mwishoni mwa miaka ya 2000 kuwapima watoto majumbani mwao Kenya, Tanzania na Uganda, zilionyesha mapema kwamba nyufa huanzia chini. Zilikuta watoto waliokwisha fika darasa la saba ambao hawakumudu hesabu za darasa la pili.

Wimbo si idadi

Kuhesabu kunaonekana jambo moja, kumbe ni kadhaa. Mwaka 1978 wanasaikolojia wa Marekani, Rochel Gelman na C. R. Gallistel, walizichambua kanuni ambazo mtoto hana budi kuzishika. Namba zitajwe kwa mpangilio usiobadilika. Kila kitu kipewe namba moja, wala kisirukwe au kurudiwa. Namba ya mwisho kutajwa ndiyo idadi ya vitu vyote. Vitu vya aina yoyote vinahesabika, na mtu anaweza kuanzia upande wowote bila jumla kubadilika.

Wimbo wa mahafali hugusa kanuni ya kwanza tu. Hizo nyingine haziimbiki. Mwaka 1990 mtafiti Karen Wynn alichapisha matokeo ya jaribio rahisi: alimwomba mtoto mdogo ampe idadi fulani ya vidude kutoka kwenye rundo. Watoto wa miaka miwili na mitatu ambao waliweza kutaja namba kadhaa bila kukosea walichota tu gao na kumpa. Inachukua miezi mingi ya kushika na kugawa vitu kabla neno "nne" halijawa wingi kichwani mwa mtoto. Kabla ya hapo, debe tupu haliachi kuvuma.

Mikono ya mtoto ina vihesabio kumi visivyopotea wala kununuliwa, lakini bado wapo walimu na wazazi wanaomgombeza anayetumia vidole. "Hesabu kwa kichwa!" huambiwa. Naye hutii kwa kuvificha chini ya dawati. Mtoto wa darasa la kwanza anayeinua vidole vitano upande mmoja na viwili upande mwingine haoni tu saba. Anaiona saba ikiwa tano na mbili. Umbo hilo litamfaa sana siku ya kuongeza saba na nane, kwa kuwa atazichomoa tano mbili na kubaki na mbili na tatu. Aliyekatazwa vidole mapema mno hubaki na njia moja tu, kukariri jibu.

Pale 52 inapotolewa 27

Mwalimu yeyote wa darasa la pili analijua kosa hili. Ubaoni pameandikwa 52 − 27. Mtoto anatazama mamoja, anaona 2 na 7, na kwa kuwa saba haitoki kwenye mbili, anageuza: saba toa mbili, tano. Kwenye makumi, tano toa mbili, tatu. Jibu: 35. Hakuzembea. Ameambiwa tangu awali kwamba kubwa hutolewa ndogo, naye ametii. Mwalimu huweka kosa jekundu na kurudia kanuni kwa sauti ya juu zaidi, "kopa kumi kwa jirani!", na mtoto hushangaa jirani huyo ni nani na kwa nini hadaiwi.

Mpe sasa vijiti 52: mafungu matano ya kumi kumi yaliyofungwa kwa mpira, na vijiti viwili vilivyo huru. Mwambie akupe 27. Atakupa mafungu mawili bila shida. Akifika kwenye saba atakwama, kwani anavyo viwili tu. Mwache akwame. Baada ya kitambo atauliza, au mwenzake atamwonyesha, kwamba fungu linaweza kufunguliwa. Akifungua moja anapata vijiti huru 12, anatoa 7, vinabaki 5. Mafungu yamebaki mawili. Jibu ni 25, na hakuna aliyemkopesha mtu kitu.

Mtoto aliyefungua fungu kwa vidole vyake mara ishirini huielewa ile tarakimu ndogo inayoandikwa juu ya hesabu, kwa kuwa ni kumbukumbu ya jambo alilolitenda. Mwanasaikolojia Jerome Bruner alilieleza hilo miaka ya 1960 kwa hatua tatu: kutenda, kisha picha, kisha alama. Singapuri iliijenga mitaala yake ya hisabati juu ya mpangilio huo tangu miaka ya 1980. Kabla yao, Maria Montessori, daktari aliyefungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa kimaskini wa San Lorenzo, Roma, Januari 1907, alitumia shanga: moja peke yake, kumi kwenye waya, mia kwa umbo la mraba, elfu kwa mchemraba. Mwalimu wa Kibelgiji, Georges Cuisenaire, alitengeneza vijiti vya rangi vyenye urefu wa sentimita 1 hadi 10 na kuvieleza katika kitabu mwaka 1952.

Seti za Montessori huuzwa ghali, na zimewafanya wengi waamini kwamba ujifunzaji wa namna hii ni wa watoto wa matajiri. Lakini trei ya mayai ya duka la mtaani ina vishimo 30, safu sita za vitano vitano. Ikikatwa kila baada ya safu mbili hutoa vipande vitatu vyenye vishimo 10 kila kimoja. Mtoto akiweka mbegu saba kwenye kipande kimoja, anaona kwa jicho kwamba bado tatu kutimia kumi. Mtaala wa walimu Tanzania una neno kwa kazi hiyo, kufaragua zana, na vyuo vya ualimu hulifundisha. Tatizo huanza mwalimu akifika kituoni na kukuta zana zilizofaraguliwa zimening'inizwa ukutani, juu, watoto wasizichafue.

Sokoni wanajua, darasani hawajui

Mwaka 1985 watafiti Terezinha Nunes, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha kazi yao kutoka mji wa Recife, Brazili. Walijifanya wateja wa watoto wachuuzi wa nazi na matunda, wakawauliza bei ya vitu vingi kwa mpigo na chenji yake. Watoto walipata takriban asilimia 98 ya majibu. Baadaye walipewa hesabu zilezile kwenye karatasi, kwa alama tupu, wakapata takriban asilimia 37. Kundi lile lilikuwa la watoto watano tu, na kwa miaka mingi wenye shaka waliweza kulipuuza. Mwaka 2025 timu iliyowajumuisha Abhijit Banerjee, Esther Duflo na Elizabeth Spelke ilichapisha utafiti wa watoto zaidi ya elfu moja wanaofanya kazi masokoni Kolkata na Delhi, India. Pengo ni lilelile. Na safari hii lilionekana pande zote mbili, kwani wanafunzi wasiofanya biashara, wanaojua hesabu za daftari, walitatizika mno na hesabu za sokoni.

Hilo lingewashangaza wachuuzi wa soko la Kariakoo au la Kongowea? Binti anayemsaidia mama yake kupanga nyanya mafungu ya nne nne ameanza jedwali la nne kabla ya kukutana nalo shuleni. Anajua mafungu sita yatamaliza nyanya 24, na akibakiwa na mbili atazitumia kuwa nyongeza ya mteja wa kudumu. Sado ya vitunguu, gorogoro ya mahindi kule Kenya, pishi moja ya vibaba vinne, doti ya kanga yenye vipande viwili: kote huko mna kuzidisha, kugawanya na sehemu. Kisha binti huyo huingia darasani na kuambiwa 4 × 6 ni jambo jipya, la kuimbwa.

Barazani nako kuna hazina. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji mzuri huona kete zitakakoishia kabla hajaziinua. Mholanzi Alexander de Voogt aliwafuata mafundi wa bao Zanzibar na mwaka 1995 akaandika tasnifu kuhusu uwezo wao wa kupiga mahesabu kichwani. Wapwani wenyewe hawakumtupa mtoto kwenye bao la wakubwa. Walimwekea bao la kujifunza, kete mbili katika kila shimo. Mwenye kucheza hugawa kete moja moja, shimo kwa shimo, bila kuruka, ambayo ni kanuni ya pili ya Gelman na Gallistel. Mdako, pamoja na kishimo chake cha kokoto, humtaka mtoto achote, arudishe na abakize idadi kamili huku jiwe likiwa hewani. Shule nyingi huiona michezo hii kuwa ya mapumziko tu, na baadhi huiona utoro.

Kokoto peke yake haitoshi

Hapa wapenzi wa zana nao wanapaswa kusikia jambo. Mwaka 2017 Duflo, Spelke na wenzao walitoa matokeo ya jaribio lililofanyika katika vituo 214 vya awali jijini Delhi. Watoto walicheza michezo ya kulinganisha wingi na maumbo, na uwezo wao wa kukadiria uliongezeka na kudumu. Walipoingia darasa la kwanza, faida hiyo haikuonekana katika hisabati ya shule. Michezo ilikuwa mizuri, ila haikumvusha mtoto kutoka kwenye wingi anaouona hadi kwenye alama 7 iliyoandikwa.

Funzo lake ni kwamba zana ina kazi, na kazi hiyo ina mwisho. Vijiti vinafunguliwa, mtoto anasema kwa mdomo alichofanya, anachora mafungu, kisha anaandika 52 − 27 pembeni ya mchoro wake. Hatua zote nne zikae katika somo moja au katika siku mbili zinazofuatana. Mwalimu anayemwaga vizibo mezani na kurudi kusahihisha madaftari hajafundisha kwa vitendo. Ametoa vitu vya kuchezea.

Kuna pia tahadhari za kawaida. Watoto chini ya miaka mitatu hawapewi vitu vidogo, kwani huishia mdomoni na kuziba koo. Vizibo vya chuma viko salama vikigongwa kingo. Mbegu za mbono ni nzuri kwa sura lakini zina sumu. Kunde na mahindi zinatosha.

Darasa la watoto mia

Mwalimu wa shule ya umma atauliza: mia moja hawa niwagawie vizibo vipi? Ni swali la haki. Sera ya Tanzania inataka mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, na madarasa mengi yako mbali sana na hapo, hasa tangu elimu bila ada ilipofungua milango mwaka 2016. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na sehemu ya fedha hizo ni ya vitabu. Hapo hakuna seti ya Montessori.

Lakini pwani ya Afrika Mashariki imewahi kulijibu swali hilo. Katika miaka ya 1980 jamii za Kiislamu za Mombasa zilianzisha madarasa ya awali kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, na mwalimu Bi Swafiya Said akiwa miongoni mwa waanzilishi. Mpango huo wa Madrasa ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda miaka michache baadaye. Kina mama wa mtaani walifunzwa ualimu, na kona za darasa zilijazwa makombe ya pwani, vifuu, mbegu na vipande vya mbao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na Peter Mwaura na wenzake ulionyesha kwamba watoto wa madarasa hayo walipiga hatua kubwa zaidi katika vipimo vya akili kuliko wenzao wa shule nyingine za awali. Kilichowabeba kilikuwa mafunzo ya mwalimu, kutembelewa mara kwa mara na mkufunzi, na wazazi waliojua kwa nini sakafu ya darasa imejaa makombe.

Kwa darasa kubwa, njia inayowezekana ni kila mtoto kuwa na mfuko wake mdogo wenye vizibo ishirini kutoka nyumbani. Watoto ishirini na tano hufanya kazi mkekani na mwalimu, waliobaki huchora, hupanga au hucheza bao la kujifunza wawili wawili, kisha hubadilishana. Kutakuwa na kelele. Mwalimu mkuu anayelipima darasa kwa ukimya itabidi ajizuie.

Nani aanze?

Mzazi anaweza kuanza leo bila shilingi. Badala ya "leo mmeandika nini?", aulize "nionyeshe." Nionyeshe nane kwa maharage. Yagawe kwa wawili. Sasa kwa watatu. Kwa nini yanabaki mawili? Amtume mtoto dukani na sarafu ya 500 na orodha ya vitu viwili, na amwache ahesabu chenji njiani.

Wakuu wa shule wana jukumu zito zaidi, kwa sababu mwalimu hufuata kinachokaguliwa. Ukaguzi wa darasa la kwanza na la pili ungeweza kuchukua watoto watano kwa kuokoteza, kuwapa vijiti na kuwauliza maswali matatu ana kwa ana. Dakika kumi za namna hiyo zingemwambia mthibiti ubora mengi kuliko rundo la madaftari, na zingempa mwalimu sababu ya kuviteremsha vihesabio kutoka ukutani.

Jambo hili lina muda wake pia. Toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo limepunguza elimu ya msingi Tanzania kutoka miaka saba hadi sita. Mtoto aliyevuka darasa la pili bila kuelewa kumi ni nini alikuwa na miaka mitano ya kusaidiwa kabla ya mtihani wa mwisho. Chini ya mpango mpya atabaki na minne. Wazazi watakaoandikisha watoto Januari wana haki ya kuuliza shule, kabla ya kuuliza rangi ya sare, watoto wa darasa la kwanza wanahesabia nini na vihesabio hivyo vinakaa wapi.